Fuso imelala miezi 14 Lindi, injini inataka kufunguliwa: ninunue au niachane nayo?

MkoroshoMmoja
Jumapili, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Nipo Masasi, nalima korosho na nina kaduka ka vifaa vya ujenzi. Kila msimu hela inayonitoka kwa wenye magari inaniuma, nikaamua mwaka huu na mimi nitafute la kwangu. Salfa, dawa ya mikorosho, tumeshapuliza, mbaazi ndiyo hizo zinaingia, Oktoba korosho. Nina milioni 24. Nyingine ni ya korosho za mwaka jana, nyingine ya kikoba, na ya kikoba ina riba.

Kuna Fuso Fighter ipo Lindi mjini, injini 6D16 isiyo na tabo, namba B (usajili wa zamani), bodi ya mbao. Imelala miezi 14 chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya mzee mmoja. Jana nimeenda kuiona. Kuku wanatagia ndani ya kabini, siwatanii, nimekuta mayai sita kwenye siti ya utingo. Dalali akaibusti kwa betri za gari lingine, ikawaka kwa shida, ikatoa moshi mweupe, baadaye ukageuka wa bluu na haukukoma. Kuna kugonga kwa mbali pia. Ukikanyaga mafuta husikii vizuri, ukiachia unasikia.

Dalali anasema inataka ringi za pistoni tu. Mzee anasema ilichemsha mara moja ikipanda Newala na mzigo wa saruji, ndipo akaipaki. Walianzia 21, nimewashusha mpaka 20. Fundi wangu wa hapa anasema milioni 6 inamaliza ovahoo nzima, yaani kuifungua injini na kuifunga upya. Nzima za namna hii naambiwa 33. Kwa hiyo 20 na 6 ni 26, nimepata gari la 33. Nakosea wapi?

UtingoMstaafu
Jumapili, saa 2:51 usiku

Mayai ni ya nani kwenye mkataba? Maliza hilo kwanza.

Kiroboto_Ligula
Jumapili, saa 3:05 usiku

Chukua mkuu. 6D16 haifi. Hiyo ni injini ya pampu ya kizamani, haina kompyuta, fundi yeyote wa kijijini anaifungua. Ukisubiri gari nzima na milioni 24 utazeeka unasubiri. Wenye magari wengi hapa Mtwara walianza na mikweche.

FundiNozeli
Jumapili, saa 4:18 usiku

Mkuu MkoroshoMmoja, nina gereji Mtwara mjini, dizeli ndiyo kazi yangu. Nisome taratibu.

Injini inayotaka ringi tu ni nadra. Ringi zikiisha, mara nyingi laina, ule ukuta wa silinda, nayo imeshaliwa, maana ndiyo zinasuguana nayo. Ukitia ringi mpya kwenye laina iliyopanuka, miezi mitatu moshi unarudi, na hapo umeshalipa gasketi, oili na fundi. Dalali anakwambia ringi kwa sababu ringi ni rahisi.

Pili, hiyo ya kuchemsha mara moja. Injini ya dizeli ikichemsha sawasawa, silinda hedi inapinda au inapasuka, mara nyingi pale katikati ya valvu. Macho hayatoshi kuona ufa, hedi inapelekwa ikapimwe kwa presha. Kupinda kunachongwa. Ufa usiukubali, hata kama kuna atakayekwambia anaweza kuuziba.

Tatu, ndilo linalonitisha, huko kugonga. Moshi ni mambo ya juu, pistoni na ringi na nozeli za kupulizia dizeli. Mlio wa kugonga unaosikika ukiachia mafuta mara nyingi unatoka chini, kwenye beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) au za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki). Juu ikiharibika unatoa hela. Chini ikiharibika unatoa hela na bado huna uhakika.

Ukirudi fanya hivi. Mpigie mzee, mwambie asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ya moto, wameipasha ili isikuumbue kwenye kuwaka. Chomoa stiki ya oili. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani. Oili nyeusi ni ya kawaida kwa dizeli. Ila ukikuta oili mpya, safi, nzito kama asali, kwenye gari lililolala miezi 14, jiulize nani kaibadilisha na kwa nini, maana oili nzito inaficha mlio wa kugonga. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi, ndipo iwashwe, uangalie maji. Yakitoa mapovu mfululizo, moto wa silinda unavuja kwenye maji. Kisha fungua kifuniko cha kutilia oili, kiweke juu ya tundu bila kukikaza. Kikirukaruka na pumzi inapiga kama birika, laina na ringi kwaheri.

Injini ikinguruma, mwambie fundi alegeze nati ya bomba la nozeli moja moja. Silinda nzima ukiikata, injini inabadilika sauti. Ukikata na isibadilike, hiyo silinda ilikuwa imekufa siku nyingi. Ukikata na kugonga kukapungua, umempata mgonjwa. Tumieni kitambaa na msiweke mkono mbele ya ile dizeli inayoruka, presha yake inatoboa ngozi.

Yote haya ni ya kusikiliza tu. Kujua kweli ni kufungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nusu siku, gasketi moja na oili. Usilipe kabla ya hapo.

MkoroshoMmoja
Jumapili, saa 4:40 usiku

Fundi, ubarikiwe. Oili nilichomoa stiki. Ilikuwa mpya kabisa na nzito. Nikafurahi.

UtingoMstaafu
Jumapili, saa 4:42 usiku

😂😂 Nikafurahi.

MamaWawili_Nachi
Jumatatu, saa 12:15 asubuhi

Nami niseme, maana yamenipata. Nipo Nachingwea. Tulinunua ya namna hiyo mimi na mume wangu, na sisi tuliambiwa ringi. Fundi akakisia milioni 3. Naziweka hapa kama nilivyoziandika kwenye daftari: pistoni, laina, ringi na seti ya gasketi milioni 2.8. Kuchonga krenki laki 3 na nusu. Hedi laki 2 na nusu. Nozeli na pampu laki 9. Fundi milioni 1.2. Oili na filta laki 3. Jumla 5.8, kabla sijahesabu nauli za kwenda Dar na kulala Mbagala kwa shemeji.

Tukafunga, tukawasha, ikalia vizuri, wiki ya pili ikaanza kugonga. Beringi alizotuuzia mwenye duka hazikuwa saizi ya krenki iliyochongwa. Krenki ikarudi Dar. Hiyo ilikuwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kikapiga, barabara ikakatika Somanga, krenki yangu ikabaki upande wa pili. Ufuta wote ule ulibebwa na magari ya watu mimi natazama.

Sikukatazi mdogo wangu. Nakwambia tu milioni 6 ya fundi wako haina Somanga ndani yake.

DerevaKusini
Jumatatu, saa 3:30 asubuhi

Mama kamaliza upande wa injini. Mimi nimeendesha Kusini tangu tunavuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, malori yanalala foleni, kabla ya daraja la Mkapa mwaka 2003. Swali langu ni moja: hiyo Fuso ilikuwa inabeba nini?

Nauliza kwa sababu ipo Lindi. Pwani yote hii kuna mashamba ya chumvi. Gari lililobeba chumvi usilipende, hata upewe na injini mpya. Chumvi inachuruzika na maji yake, inakaa kati ya chesisi na zile mbao za bodi, huioni. Lala chini, chukua bisibisi, choma chesisi nyuma ya kabini, kwenye pingili zinazoshikilia springi za nyuma na pale bodi inapokalia. Bisibisi ikizama au kutu ikitoka vipande kama magamba ya samaki, funga safari urudi Masasi. Angalia pia kama chesisi imepigwa moto, yaani imewahi kukatika ikaungwa. Kwenye difu ya nyuma, tikisa shafti ya propela, isicheze sana.

Injini inabadilishwa siku tatu. Chesisi je?

Kiroboto_Ligula
Jumatatu, saa 3:44 asubuhi

Mnamtisha mwenzenu bure. Hapo Masasi mkuu una mzigo wako mwenyewe, gari halitakosa kazi. Salfa inaingia, ufuta, mbaazi, korosho, saruji mwaka mzima. Litalipa.

DerevaKusini
Jumatatu, saa 3:52 asubuhi

Litalipa likitembea. Na korosho tunatoa AMCOS, chama cha ushirika, kupeleka ghala kuu, hela ya usafiri huipati siku unayoshusha. Kikoba wanataka marejesho yao kila wiki. Aliyeweka mkopo kwenye gari lililo gerejini tunamjua kwa macho.

MkoroshoMmoja
Jumatatu, saa 1:20 usiku

Wakuu, nimekaa na kalamu. 20 ya gari. 5.8 ya injini kwa daftari la mama. Tairi sita zote ni vipara, kwa laki 6 moja ni 3.6. Betri mbili laki 7. Kulivuta Lindi mpaka hapa nimeulizia, laki 8. Jumla 30.9. Bado bima na mengineyo, bado sijakosea kitu. Na nzima ni 33. Yaani nanunua shida zote hizi kwa punguzo la milioni 2.1?

FundiNozeli
Jumatatu, saa 2:05 usiku

Sasa tunaelewana. Kosa lako halikuwa kwenye kujumlisha. Ulikuwa unainunua injini mara mbili, mara ya kwanza kwa mzee ndani ya hiyo 20, mara ya pili kwa fundi. Gari la injini mbovu linunue kama halina injini kabisa. Piga bei chesisi, giaboksi, difu, kabini, bodi, kadi. Injini iandike sifuri. Ikionekana kuna cha kuokoa ndani, hiyo ni bahati yako, usiilipie.

Njia nyingine badala ya ovahoo ni kununua injini ya mtumba ya Japani, 6D16 zipo Dar. Mwaka jana nilimfungia mteja moja ya milioni 8 na nusu. Inawashwa dukani ikiwa juu ya stendi, unaisikia kabla ya kulipa. Inashinda ovahoo ya kubahatisha, hasa kwa mtu anayeikimbiza Oktoba.

MkoroshoMmoja
Jumatatu, saa 2:19 usiku

Nimempigia mzee kuhusu kufungua sampu. Amekasirika. Anasema "unifungulie gari langu kisha uniachie vyuma?" Nimpe hoja gani?

MamaWawili_Nachi
Jumatatu, saa 2:31 usiku

Muelewe, ni mali yake na ameshadanganywa na wengi. Nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, muandikishane. Fundi unamlipa wewe, gasketi na oili unanunua wewe, na ukighairi fundi wako anafunga kama alivyokuta, siku hiyo hiyo. Na umsalimie vizuri, usiende na dalali. Mzee anaongea vingine dalali akiwepo.

UtingoMstaafu
Jumatatu, saa 2:33 usiku

Nenda na ming'oko na samaki wa kukaanga. Mzee wa Lindi haongei biashara na mtu mwenye njaa.

AnayesomaKadi
Jumanne, saa 4:00 asubuhi

Hakuna aliyeuliza kadi? Gari namba B limepita mikono mingi. Ione kadi halisi, si nakala. Jina lililoandikwa ni la mzee? Namba ya chesisi soma kwenye chuma chenyewe, sugua kutu, ulinganishe na kadi. Namba ya injini pia imo kwenye kadi. Ukibadilisha injini itabidi irekebishwe TRA, mamlaka ya mapato, kwa hiyo injini ya mtumba idai risiti na karatasi zake za forodha, usije ukabeba injini ya wizi. Angalia na deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, inaonekana mtandaoni dakika moja.

MkoroshoMmoja
Ijumaa, saa 3:10 usiku

Wakuu nimerudi. Poleni kwa kimya.

Nilipanda gari la alfajiri na fundi wangu. Dalali sikumwambia. Mzee tulimkuta anafua jamvi, akanitazama muda mrefu, akasema karibuni. Tukaenda mtaa, tukaandikishana kama mama alivyosema, mtendaji akagonga muhuri. Kwa kweli mzee alilainika palepale. Alichotaka ni mtu amwandikie.

Chesisi kwanza. Nililala chini na bisibisi kama nusu saa, matone ya oili yananidondokea shingoni. Ilikuwa inabeba mbao na nazi, chumvi hapana. Mzee kaniapia, na chuma nacho kimeapa. Kuna kutu pingili ya mwisho kabisa nyuma, bisibisi haikuzama. Haijawahi kuungwa. Difu na giaboksi havina kelele ya ajabu.

Kisha sampu. Oili ile nzito ikatoka polepole, fundi akaweka beseni juani. Mwanzoni sikuona kitu. Akachovya kidole, akakipindua kwenye mwanga, kidole kimemetameta kama kimepakwa poda ya maharusi. Hakusema neno. Akafungua kofia ya konrodi ya tatu, akatoa beringi, ile ngozi ya juu yote imemenyeka, shaba imejitokeza. Akaigeuza mgongoni, akaifuta na shati lake, akanipa nisome. Imegongwa 0.75.

Mimi nikauliza ndiyo nini. Akasema hii krenki imeshachongwa mpaka saizi hiyo na sasa imeliwa tena. Ukipitisha kucha juu yake inakwama kama kwenye randa.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yetu. Akasema, "Mwanangu, hata mimi niliinunua hivyo, na mimi niliambiwa ringi tu."

FundiNozeli
Ijumaa, saa 3:25 usiku

Mpe hongera huyo fundi wako, anajua kazi. Kwenye 0.75 imebaki saizi moja tu ya kuchonga, 1.00, na kuipata krenki isafike kwa 1.00 wakati imekwaruzwa hivyo ni kamari. Hapo hata kuchonga usihangaike. Injini hiyo ni ya kuuza chuma chakavu, utoe pampu, stata na jenereta ubaki navyo vya spea. Ulimwambia bei gani?

MkoroshoMmoja
Ijumaa, saa 3:38 usiku

Nilimwambia 12, kama gari lisilo na injini. Akacheka, akaenda kuswali. Aliporudi akasema 14. Tumekutana 13. Fundi akafunga sampu yake, mke wa mzee akatuwekea chai. Tukaondoka na mayai sita kwenye mfuko wa nailoni. UtingoMstaafu, hilo limeisha.

Hesabu mpya: 13, injini ya mtumba 8.5, tairi 3.6, betri 0.7, kuvuta 0.8. Jumla 26.6. Nina 24. Tairi naweza kuanza na nne, nyingine baadaye.

Ila kuna jambo, na AnayesomaKadi alisema. Kadi ni halisi, namba za chesisi zimelingana, lakini jina si la mzee. Ni la aliyemuuzia, mtu wa Dar. Mzee hakuwahi kuhamisha umiliki miaka yote hiyo.

AnayesomaKadi
Ijumaa, saa 3:50 usiku

Hapo simama. Usitoe hata laki. Mauzo TRA yanafanyika kati ya jina lililo kwenye kadi na wewe, au mzee ajihamishie kwanza jina ndipo akuuzie. Mwenye kadi awepo na TIN yake (namba ya mlipakodi) na kitambulisho, asaini. Kama amefariki, mtakwenda kwa msimamizi wa mirathi, na hiyo haitaisha Oktoba. Mwambie mzee amtafute. Ni kazi yake, si yako.

Kiroboto_Ligula
Ijumaa, saa 4:02 usiku

Watu wangapi wanatembelea majina ya watu barabara hii? Nunua, mengine yatajipa.

DerevaKusini
Ijumaa, saa 4:06 usiku

Kiroboto, mzee mwenyewe alisema yatajipa. Ndiyo maana leo kuku wanataga ndani ya mali yake na hawezi kuiuza.

MamaWawili_Nachi
Ijumaa, saa 4:15 usiku

Na usisahau kikoba mdogo wangu. Hela ya kikoba usiitoe benki mpaka kadi ieleweke. Kama haijaeleweka mwezi wa tisa ukiisha, kodi gari msimu huu kama kawaida yako. Haitakuua.

MkoroshoMmoja
Jumatano, saa 11:30 jioni

Mzee kanipigia sasa hivi, yupo Mbagala. Amepanda basi mwenyewe na kadi yake kwenye bahasha. Mwenye jina yupo hai, amehamia Kibaha, kesho wanakutana TRA. Kanambia nisimuuzie mtu mwingine nafasi yangu, kama vile mimi ndiye muuzaji.

Nimempa neno kwamba likikaa sawa nakwenda Lindi Jumatatu na hela ya gari, kisha naunganisha Dar kwa ajili ya injini. Fundi, nikifika dukani Gerezani, wakiiwasha mbele yangu ikalia vizuri, kuna kingine cha kuangalia au nalipa?

FundiNozeli
Jumatano, saa 11:52 jioni

Usilipe bado. Fanya ile ya kifuniko cha oili. Kisha waambie wafungue kofia ya konrodi moja, wewe ndiye uchague ipi, wakikataa nenda duka la pili. Geuza beringi, soma mgongoni. Ukikuta haina namba ya saizi kama ile 0.75, krenki ni ya kiwandani bado. Dai na pampu yake na nozeli zake ziwe juu ya injini, wengine wanazichomoa usiku. Na nipigie picha ya namba ya injini kabla hujatoa hela.